Bei ya coltan kila mtu anaijua, bei ya kipimo cha damu nani anaijua?

MASISI na WALIKALE, Kivu Kaskazini. – Mchimbaji wa Rubaya anapotoka shimoni na mfuko begani, tayari anajua kilo moja ya coltan inanunuliwa pesa ngapi siku hiyo. Mnunuzi akijaribu kumdanganya, kuna jirani wa kumwambia bei ya kweli kabla hajafika barabarani. Bei ya maharagi ya Mweso inajulikana, bei ya jibini ya Masisi inajulikana, hata nauli ya pikipiki kutoka Masisi-Centre hadi Sake inajulikana, na watu wanaibishania kwa sauti. Lakini mzazi huyo huyo akipeleka mtoto mwenye homa kwenye labo, mabishano yanaisha. Analipa anachoambiwa, anapokea karatasi yenye misalaba miwili au mitatu, na anarudi nyumbani bila kujua amenunua nini.

Kipimo cha damu ni bidhaa. Kinatengenezwa kiwandani, kinauzwa na kampuni, kinasafirishwa, kinapita kwenye barieri, kinafika kwa mwenye duka la dawa, kinaingia labo, na mwisho wake kinalipiwa na mgonjwa. Kila mkono unaokigusa unachukua chake. Hiyo ni biashara kama ya kasiterite. Tofauti ni moja tu: biashara ya kasiterite inaandikwa na inatangazwa, na biashara ya labo inapita kimya. Kimya hicho kinawagharimu wakaaji wa Masisi na Walikale pesa, afya, na wakati mwingine mtoto.

Habari za uchumi haziishii shimoni

Anayefuata habari za uchumi za Kivu Kaskazini anajua zinavyoandikwa. Mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Alphamin iliposimamisha kazi mgodini Bisie, Walikale, habari ilifika London siku hiyo hiyo na bei ya bati ikapanda kwenye soko la dunia. Mwezi wa nne kazi ilipoanza tena, hiyo nayo ilitangazwa. Tani za mwaka 2024 zinajulikana: zaidi ya 17,000. Kuhusu Rubaya, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu kodi inayokusanywa kwenye coltan tangu M23 ilipouchukua mji huo mwezi wa nne 2024, wakasema si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Kazi hiyo ni ya maana na wanaoifanya wanahatarisha maisha yao.

Lakini hakuna soko la London lililotikisika kwa sababu labo ya kituo cha afya imekosa dawa za kupimia. Hakuna mwandishi wa uchumi aliyetumwa kuhesabu kipimo kimoja kimepanda kwa kiasi gani tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwanzoni mwa 2025. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba labo ni mambo ya afya, na mambo ya afya yana waandishi wake. Waandishi wa afya nao, ukiwauliza kuhusu pesa, watakuambia wao wanaeleza ugonjwa na kinga. Kwa hiyo pesa ya labo imekaa katikati ya viti viwili, na hakuna aliyeketi hapo.

Misalaba mitatu ya tifoide

Ubaya wa kimya hiki unaonekana vizuri kwenye kipimo kimoja ambacho karibu kila familia ya Kivu imekilipia: Widal, kipimo cha tifoide.

Kipimo hicho kinabeba jina la muganga Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti mdudu wa tifoide mwenyewe. Kinatafuta alama za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake. Na alama hizo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Zinaweza pia kuonekana kwa mtu aliyechanjwa, na ugonjwa mwingine, malaria ikiwemo, unaweza kuvuruga jibu. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu kwenye labo na kungoja mdudu aonekane. Hilo linataka siku kadhaa, umeme usiokatika, vifaa safi na fundi aliyesomea. Vituo vingi vya Masisi na Walikale havina hata kimoja kati ya hivyo.

Tifoide ipo kweli. Mahali ambapo watu wanakunywa maji ya mto na familia nyingi zinatumia choo kimoja, ingekuwa ajabu isiwepo. Lakini Widal moja, iliyofanywa mara moja tu, haiwezi kuithibitisha peke yake. Waganga wanafundishwa hivyo shuleni. Hata hivyo kipimo kinaendelea kuuzwa, kwa sababu ni rahisi kukifanya, kinatoa jibu upesi, na jibu lake mara nyingi linaleta mauzo ya pili: antibiotiki.

Hesabu ya familia inakuwa hivi. Mama aliyekimbia vita analipa kipimo. Karatasi inasema tifoide. Analipa dawa za siku nyingi. Kama homa ilikuwa ya malaria, mtoto anazidi kulegea huku mama akimaliza dawa zisizo zake. Anarudi, analipa tena. Pesa ya kwanza ilitoka kwenye kuuza nguo, ya pili inatoka kwenye deni. Na antibiotiki zilizotolewa bila sababu zinawafundisha wadudu kuzizoea, hata siku tifoide ya kweli ikija dawa ile ile haitafanya kazi.

Kumlaumu fundi wa labo peke yake ni rahisi na si haki. Wafanyakazi wengi wa afya nchini hawapati mshahara wa Serikali, au wanapata kidogo na kwa kuchelewa. Kituo kinaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa. Kipimo kinapokuwa chakula cha wafanyakazi, kupima kidogo ni kulala njaa. Huo ni mfumo wa pesa, na kuueleza mfumo wa pesa ni kazi ya mwandishi wa uchumi hasa. Akikataa kuueleza, mgonjwa atabaki akidhani fundi ni mwizi, na fundi atabaki akidhani mgonjwa hana shukrani, wakati shida imeanzia mbali na wote wawili.

Hata matajiri walidanganywa kwa tone la damu

Kuna wanaosema mambo ya labo ni magumu, mwandishi wa kawaida hawezi kuyaingilia. Kilichotokea Marekani kinawajibu.

Kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa na Elizabeth Holmes mwaka 2003, iliahidi kupima magonjwa mengi kwa matone machache tu ya damu ya kidole. Kampuni ilipewa thamani ya dola bilioni 9. Kwenye baraza lake waliketi watu wakubwa, akiwemo Henry Kissinger, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Magazeti ya biashara yalimweka Holmes kwenye majalada. Yaliandika utajiri wake, mavazi yake na maneno yake, na mashine yenyewe yakaisahau.

Mwezi wa kumi 2015, John Carreyrou wa gazeti la Wall Street Journal alichapisha alichokipata baada ya kuuliza maswali ambayo fundi yeyote wa Pinga angeuliza: damu hii inapimwa kwa mashine gani, na jibu lake linalinganaje na la labo nyingine? Ikaonekana kwamba vipimo vingi vilifanywa kwa mashine za kawaida zilizonunuliwa kwa kampuni nyingine, na mashine ya Theranos ilifanya vichache tu. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ilifuta majibu ya miaka miwili yaliyotoka kwenye mashine hiyo. Mwezi wa kumi na moja 2022 Holmes alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Na wakaaji wa jimbo la Arizona waliokuwa wamelipia vipimo hivyo walirudishiwa pesa, jumla ya dola milioni 4.65.

Carreyrou hakuwa muganga. Alikuwa mwandishi aliyezungumza na wafanyakazi wa labo na kusoma karatasi. Kilichowaponya watu wa Arizona kilikuwa swali lililoulizwa kwa ukaidi, na baada ya swali ikaja sheria. Mgonjwa wa Masisi aliyelipia kipimo kisicho na maana hajawahi kurudishiwa faranga hata moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa niaba yake.

Swali la bei linashusha bei

Faida ya kuuliza inaonekana pia kwenye mashine ambayo Kivu inaifahamu: GeneXpert, inayopima kifua kikuu, na ambayo INRB iliitumia kupima Ebola hapa jimboni kuanzia 2018. Mashine hiyo inakula kikopo cha plastiki kiitwacho kartushi, kimoja kwa kila mgonjwa, kisha kinatupwa. Bila kartushi, mashine ni sanduku la kuwekea vumbi. Pesa ya kampuni imo kwenye kartushi.

GeneXpert inatengenezwa na kampuni ya Cepheid ya California, iliyonunuliwa na kampuni kubwa ya Danaher mwaka 2016 kwa dola bilioni 4. Tangu 2012 kartushi ya kifua kikuu iliuzwa kwa nchi maskini dola 9.98. MSF na mashirika mengine walipiga hesabu ya gharama ya kuitengeneza, wakapata kati ya dola 3 na 5 hivi, wakadai bei iwe dola 5. Miaka ikapita. Mwaka 2023 kelele zikawa kubwa, mwandishi John Green na wafuasi wake wakajiunga nazo, na mwezi wa tisa Danaher ikatangaza kushusha bei hadi dola 7.97. Mwaka huo kampuni iliuza mali ya karibu dola bilioni 24.

Dola mbili zilizopungua si ushindi kamili. Lakini kwenye kartushi 1,000 ni zaidi ya dola 2,000, na hizo zinatosha kununua kartushi nyingine 250. Wagonjwa 250 wa kifua kikuu wanaopimwa ni nyumba nyingi ambazo hazitaambukizwa. Bei ilishuka kwa sababu ilijulikana. Ingebaki siri ya ofisi, ingekuwa 9.98 mpaka leo.

Na wakaaji wa Masisi na Walikale wana haki ya kuuliza swali hili kuliko watu wengi duniani. Tantali inayotoka kwenye coltan ya Rubaya inaingia ndani ya vifaa vya kielektroniki, vya hospitali vikiwemo. Bati ya Bisie ndiyo inayoshikisha vyuma vidogo ndani ya mashine. Madini yanatoka hapa kwa bei iliyopangwa na wengine, na mashine inarudi kwa bei iliyopangwa na wengine. Angalau bei hiyo ya pili itangazwe kwa sauti.

Pesa isipohesabiwa, uvumi huhesabu

Wapo wanaoogopa. Wanasema mkianza kuandika pesa za labo, watu wataacha kwenda hospitali, wataona kila muganga ni mfanyabiashara. Hoja hii inastahili jibu, kwa sababu jimbo hili limeona kwa macho yake watu wakikosa imani.

Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ilidumu hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Hata Walikale iliguswa: mwezi wa nane 2019 ugonjwa ulithibitishwa kwenye zoni ya afya ya Pinga. Mamia ya mamilioni ya dola yaliingia. Wakaaji waliona magari yaliyokodiwa, waliona ajira za wageni, waliona nyumba zikipangishwa kwa bei kubwa. Hakuna aliyewaeleza pesa hiyo inapita wapi. Wakajieleza wenyewe, na maelezo yao yakapata jina: Ebola business. Wengi wakaamini ugonjwa ni wa kutungwa ili watu wale pesa. Vituo vikashambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, muganga Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo.

Uchunguzi wa wazi wa pesa haukuwa chanzo cha maneno hayo. Yaliota mahali ambapo uchunguzi ulikosekana. Mwandishi angesema mapema gari fulani linakodiwa kiasi fulani, kipimo kinagharimu kiasi fulani na mgonjwa halipi kitu, msikilizaji angekuwa na cha kushika mkononi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na anayeficha hesabu za maradhi ni hivyo hivyo.

Mpox ilipoenea mwaka 2024 mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia tarehe 14 mwezi wa nane, ilifika hata kwenye kambi za waliokimbia vita kandokando ya Goma. Sehemu kubwa ya walioshukiwa nchini hawakupimwa labo. Miezi michache baadaye, mwezi wa pili 2025, familia za Masisi zilizokuwa Bulengo na Lushagala zilivunja vibanda vyao na kutawanyika, nyingi zikirudi kwenye vijiji vyenye vituo vilivyoporwa. Fishi za wagonjwa zilibaki njiani. Mtu aliyeanza matibabu ya kifua kikuu kambini anaanza upya kutafuta mahali pa kupimwa. Makohozi ya mgonjwa wa Masisi-Centre yanahitaji kilometa 80 hivi kufika Goma, na ya Walikale zaidi ya 200, kwenye barabara inayokatwa na vita. Hapo kila hatua ina bei, na msafirishaji, barieri na mwenye labo wote wanaijua. Anayelipa ndiye wa mwisho kuijua.

Maswali matano ya kuanzia

Redio za jamii zinaposoma bei za soko, zinaweza kuongeza dakika tano za bei za labo. Si kazi ya mitambo mikubwa. Inahitaji mwandishi mwenye daftari na maswali yanayorudiwa kila juma, kwa kila upande unaoshika eneo, kwa kila kituo, cha Serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi.

La kwanza, kipimo kipi ni cha bure? Kwenye vituo vinavyosaidiwa na Global Fund, kipimo cha haraka cha malaria na cha kifua kikuu vimepangwa mgonjwa asivilipie. Hospitali kuu ya Masisi inasaidiwa na MSF tangu 2007. Mzazi asiyejua hivyo anauza mbuzi bure.

La pili, bei imebandikwa ukutani? Bei iliyo kichwani mwa mtu hubadilika kufuatana na sura ya mgonjwa, na sura ya mgeni aliyekimbia vita ndiyo inayolipishwa zaidi.

La tatu, mgonjwa anapewa risiti? Bila risiti hakuna malalamiko, na bila malalamiko hakuna wa kurudisha pesa.

La nne, sanduku la vipimo linamaliza muda wake lini, na lilihifadhiwa wapi? Kipimo kilichokaa juani kwenye mzigo wa pikipiki kinaweza kusema uongo hata kama fundi ni mwaminifu.

La tano, nani alikileta, na alikinunua kiasi gani? Kipimo cha haraka cha malaria kinatoka kiwandani kwa chini ya nusu dola. Msafara wake ni mrefu na hatari, na aliyekileta ana haki ya faida. Lakini faida isiyotajwa haina mpaka.

Mwenye labo mwaminifu hana cha kuogopa kwenye maswali haya. Wapo wengi, wanaofanya kazi usiku kwa tochi ya simu, wanaompima mtoto kwanza na kuzungumza pesa baadaye. Wao ndio wanaoumia zaidi na kimya, kwa sababu anayeuza karatasi tupu jirani yao anaonekana sawa na wao.

Wenye mamlaka, wawe wa Serikali au wa M23, wanakusanya kodi kwenye barabara ambazo dawa za kupimia zinapita. Nao waulizwe: sanduku la vipimo vya malaria linalipa nini kwenye barieri? Wakijibu, jibu litangazwe. Wakikataa, kukataa kwao kutangazwe vile vile.

Na wanaosoma kila juma bei ya coltan wanajua kuhesabu, kupiga simu na kulinganisha. Kazi hiyo hiyo inangojwa kwenye mlango wa labo, ambako mama amesimama na noti zilizokunjwa mkononi, akiuliza kwa sauti ya chini ni pesa ngapi. Ana haki ya kuwa amesikia jibu redioni kabla hajatoka nyumbani.